Mwongozo Kamili wa Kuacha Kununua na Kuuza Tena Programu za Muziki, na Kurudi Kukamilisha Nyimbo

Watayarishaji wengi wa muziki wanaofanya kazi nyumbani wameshajaribu kuacha kununua plagini, yaani programu ndogo za sauti zinazofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia, na wengi wameshindwa kwa namna ileile. Wanaamua kuuza zile wasizozitumia, fedha zinaingia, na kabla wiki haijaisha fedha hizo zimeshanunua plagini nyingine iliyokuwa katika punguzo la bei. Miezi michache baadaye ile mpya nayo inatangazwa kuuzwa, nyimbo zilizoanzwa kwa ile ya zamani hazifunguki tena ipasavyo, na hakuna wimbo hata mmoja uliokamilika.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuzingatia mahali hasa watu wanapokwama. Tafadhali usizibadilishe mfuatano. Anayeanza kwa kuuza, ambavyo ndivyo wengi wanavyoanza, huziharibu kazi zake za nyuma na kujipatia mtaji wa kununua tena, na ndiyo sababu kuuza kumewekwa katika hatua ya 5.

## Mahitaji

- Daftari, au jedwali katika kompyuta.
- Risiti zote za programu zilizo katika barua pepe yako, pamoja na taarifa ya kadi ya benki ya miezi 12 iliyopita.
- Diski ya nje yenye nafasi ya kutosha. Dakika moja ya faili la WAV la stirio, la biti 24 na kilohazi 48, huchukua takriban megabaiti 17. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 30 za namna hiyo utahitaji gigabaiti 2 hivi.
- Programu unayorekodia, iwe FL Studio, Cubase, Logic Pro, Ableton Live, REAPER au nyingine. Usiibadilishe sasa.
- Hedifoni au spika ulizozizoea.
- Jioni kadhaa zisizo na shughuli nyingine, hasa kwa ajili ya hatua ya 3.

Hakuna programu ya kununua katika orodha hii, na hakuna itakayoongezwa baadaye.

## Hatua ya 1: Andika kila ulichonunua

Chora safu sita: jina la programu, tarehe ya kununua, fedha uliyolipa, aina ya leseni, akaunti ambamo leseni imesajiliwa, na wimbo wa mwisho uliokamilika ambamo uliitumia. Jaza kwa kutazama risiti. Ukitegemea kumbukumbu utaandika bei za ofa na kuyasahau malipo madogomadogo ya kila mwezi.

Katika safu ya aina ya leseni, tofautisha leseni ya kudumu, leseni ya kukodi kwa mwezi, leseni ya kulipia kidogokidogo hadi umiliki, leseni ya mwanafunzi, na ile iliyokuja bure pamoja na kifaa kama kibodi au kadi ya sauti. Tofauti hizi ndizo zitakazoamua kipi kinaweza kuuzwa.

Safu ya sita ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wimbo uliokamilika ni ule uliotolewa kuwa faili moja na kusikilizwa na mtu mwingine. Mdundo wa sekunde 20 unaojirudia hauhesabiwi, hata kama ni mzuri.

Tahadhari: Fanya kazi hii kwa kusoma barua pepe za zamani, bila kuingia katika maduka ya mtandaoni. Ukurasa wa akaunti yako dukani umejengwa ili ukuoneshe punguzo la bei kabla hujaiona orodha ya leseni zako, na watu wamenunua kitu kipya wakiwa katika shughuli ya kuhesabu vya zamani.

Utajua umefaulu ukiwa na jumla mbili mbele yako: fedha yote uliyolipa, na fedha uliyolipia programu ambazo safu yake ya sita ni tupu.

## Hatua ya 2: Kokotoa gharama ya mzunguko

Anayeuza tena hujiambia kwamba fedha haijapotea, imezunguka tu. Piga hesabu kwa mfano huu. Plagini imenunuliwa kwa dola 150 na kuuzwa kwa dola 80. Iwapo leseni yake iko katika iLok, mfumo wa kusajili na kulinda leseni za programu, na mtengenezaji anatumia utaratibu wa mfumo huo, uhamisho wa leseni moja kwenda kwa mtu mwingine una ada ya dola 25. Ikiwa muuzaji ndiye anayeilipa, mkononi hubaki dola 55, yaani dola 95 zimekwenda. Mara nne kwa mwaka ni dola 380. Kwa kulinganisha, leseni ya REAPER, programu nzima ya kurekodia, kwa matumizi binafsi ni dola 60.

Sababu ya bei kuanguka hivyo ni kwamba leseni haiadimiki. Mtengenezaji anaweza kuuza nakala nyingine bila gharama ya maana, na mwezi wa Novemba, wakati wa Black Friday, hupunguza bei yeye mwenyewe. Kwa hiyo leseni iliyotumika haishindani na bei ya kawaida ya dukani. Inashindana na bei ya chini kabisa ambayo mnunuzi anakumbuka kuiona, na kampuni za plagini kama Waves zimewazoesha wanunuzi kwa miaka mingi kupata plagini moja kwa takriban dola 30.

Andika hasara yako halisi chini ya jedwali, kisha endelea. Hatua hii haihitaji zaidi ya nusu saa.

## Hatua ya 3: Geuza nyimbo kuwa sauti kabla ya kugusa leseni yoyote

Hapa ndipo kazi za watu hupotea. Mradi wa muziki hauhifadhi sauti ya sinthesaiza, yaani ala ya kielektroniki inayotengeneza sauti. Unahifadhi noti pamoja na maagizo kwa sinthesaiza hiyo. Leseni ikishauzwa, mradi utafunguka ukiwa na treki bubu, na sauti uliyoitafuta usiku kucha haitarudi. Anayeuza plagini kumi bila hatua hii huenda amefunga njia ya kurudi kwenye nyimbo zake za miaka kadhaa.

Kwa kila mradi unaotumia programu unayokusudia kuiuza, fanya yafuatayo.

1. Hifadhi nakala ya mradi kwa jina jipya, na uandike katika jina hilo kasi ya wimbo na ufunguo wake, kwa mfano "Mvua-96-Laminor". Faili za sauti hazina uhakika wa kubeba taarifa hizo.

2. Zima limita na kompresa, yaani vifaa vinavyobana ukubwa wa sauti, zilizo katika njia kuu ya mikseri. Vifaa hivyo hufanya kazi kwa kuitikia jumla ya sauti zote, kwa hiyo vikiachwa wazi kila treki itatoka ikiwa imebanwa kwa kiasi tofauti, na treki zikiunganishwa upya hazitafanana na wimbo wako. Kabla ya kuvizima, toa kwanza faili moja la wimbo mzima kama ulivyo, liwe kumbukumbu.

3. Toa kila treki kuwa faili la WAV la biti 24, kwa kiwango kilekile cha sampuli ambacho mradi unatumia. Treki zote zianzie sekunde ya sifuri, hata ile ya kinanda kinachoingia katika kiitikio tu, ili zikipangwa upya zikae mahali pake bila kubahatisha. Dirisha la kutolea faili la FL Studio lina chaguo la kutenganisha kila njia ya mikseri, na Logic Pro, Ableton Live na REAPER zina njia zake za kutoa treki zote kwa pamoja.

4. Ongeza nafasi mwishoni. Mwangwi wa riverbu na marudio ya dilei huendelea baada ya noti ya mwisho, na ukikata mapema utasikia mkato huo milele. Vipimo vinne vya ziada vinatosha kwa nyimbo nyingi.

5. Sauti za waimbaji na vyombo vilivyorekodiwa zitoe mara mbili: mara moja pamoja na madoido, na mara nyingine bila madoido. Toleo kavu ndilo litakalokuwezesha kumiksi upya miaka ijayo kwa vifaa vingine.

6. Hifadhi pia noti kama faili za MIDI. Ni faili ndogo mno, na zitakuruhusu kuupiga mstari uleule kwa ala nyingine.

7. Angalia treki zinazotegemeana. Ikiwa besi inabanwa kila kiki (ngoma kubwa) inapopiga, kisha ukaitoa besi peke yake huku kiki imezimwa, mbano huo utatoweka. Treki za namna hiyo zirekodi ndani ya mradi zikiwa zote zinapiga.

Baada ya hapo fungua mradi mpya, mtupu, na uingize faili zote. Sikiliza kwanza kwa makini. Kisha toa kutoka mradi wa zamani faili jingine la wimbo mzima, safari hii limita na kompresa za njia kuu zikiwa bado zimezimwa, uliweke sambamba na treki mpya, na ugeuze polariti yake, yaani wimbi lake la sauti lipinduliwe juu chini. Palipo na ukimya, sauti mbili zinalingana kabisa. Sinthesaiza zenye mtikisiko wa kubahatisha hazitafutana zote, na hilo si kosa. Lakini ukisikia ngoma nzima au sauti ya mwimbaji imebaki, kuna treki uliyoisahau.

Tahadhari: Usianze kurekebisha nyimbo wakati huu. Ukiona mstari unaostahili kuboreshwa, uandike katika daftari uendelee. Kazi ya hatua hii ni kuhifadhi.

Utajua umefaulu kila mradi utakapokuwa na folda yake katika diski ya nje, na ukaweza kufungua wimbo wowote kati ya hizo katika kompyuta isiyo na plagini hata moja ya kununua.

## Hatua ya 4: Chagua vinavyobaki

Rudi kwenye jedwali. Programu zenye wimbo katika safu ya sita zinabaki kwanza. Kisha jaza mapengo kwa vifaa vilivyomo tayari ndani ya programu unayorekodia: ikwalaiza, kompresa, riverbu, dilei, limita, sampula na, katika programu nyingi, ngoma. Vifaa hivyo vinatosha kutoa wimbo wa kupigwa redioni, na ninasema hivyo bila kusita.

Palipo na pengo la kweli, tumia za bure. Vital, iliyotoka mwaka 2020, na Surge XT ni sinthesaiza kamili. Dexed inatoa sauti za kibodi ya Yamaha DX7. Spitfire Audio walianzisha mkusanyiko wa ala za bure kwa jina la LABS. Chagua moja au mbili tu, kwa sababu kukusanya vya bure hula jioni zilezile zilizoliwa na kununua.

Anayedhani kwamba muziki wake haujasimama kwa kukosa vifaa na asikilize singeli ya Dar es Salaam. Muziki huo, ambao mara nyingi kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, ulikua katika studio ndogo za mitaa kama Manzese na Tandale, kwa kompyuta za kawaida, na sasa unachezwa katika matamasha ya Ulaya. Waliouunda walivijua vifaa vichache walivyokuwa navyo kwa undani ambao mwenye plagini 200 hawezi kuufikia, kwa kuwa hana muda wa kuzoea hata moja.

Kuhusu leseni za kukodi, kumbuka kwamba wimbo ulioujenga juu yake unahitaji malipo ya kila mwezi ili ufunguke. Masharti nayo hubadilika: Machi 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu, kisha ikabadili uamuzi huo baada ya siku chache kutokana na malalamiko ya wateja. Ukibaki na leseni ya kukodi, hatua ya 3 iwe desturi kwa kila wimbo unaoumaliza.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja vifaa vyako vyote kwa kichwa bila kufungua kompyuta.

## Hatua ya 5: Uza mara moja, kwa utaratibu

Soma masharti ya kila leseni kabla ya kuitangaza. Programu zilizonunuliwa katika App Store ya Apple, ikiwemo Logic Pro, haziuziki. Leseni za wanafunzi na zile za bure walizopewa wakaguzi kwa kawaida zimekatazwa kuuzwa. Furushi la programu kadhaa mara nyingi lazima liuzwe zima, na baadhi ya watengenezaji huruhusu uhamisho mmoja tu katika maisha ya leseni.

Sheria yenyewe haifanani kila mahali. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2012, katika shauri la UsedSoft dhidi ya Oracle, kwamba aliyenunua leseni ya programu isiyo na kikomo cha muda anaweza kuiuza tena hata kama aliipakua kwenye intaneti. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 2010, katika shauri la Vernor dhidi ya Autodesk, kwamba masharti ya mtengenezaji yanaweza kumfanya mnunuzi kuwa mpewa leseni tu, asiye na haki ya kuuza. Kwa muuzaji wa kawaida la msingi ni moja: bila ushirikiano wa mtengenezaji leseni haihami, kwa hiyo masharti yake ndiyo yatakayotawala.

Mfuatano salama ni huu: thibitisha kwa maandishi kwamba leseni inahamishika, kubalianeni nani analipa ada, pokea malipo, zima programu katika kompyuta zako zote, kisha omba uhamisho. Usimpe mtu nenosiri la akaunti yako, wala usiuze akaunti nzima. Hakikisha pia kwamba akaunti yako ya malipo inaruhusiwa kupokea fedha, maana si kila nchi ina ruhusa hiyo. Aliye Kenya anaweza kuunganisha PayPal na M-Pesa na kutoa fedha kwa njia hiyo.

Tahadhari kubwa: Usikubali kubadilishana programu kwa programu. Mtu atakuandikia kwamba hana fedha ila ana sinthesaiza nzuri ya kukupa. Hapo umerudi mwanzo, safari hii bila hata hesabu ya kukuonesha hasara.

Weka mwisho wa siku 30. Kisichouzwa ndani ya muda huo kiondoe sokoni na kwenye kompyuta, leseni ikae kimya katika akaunti. Kuchungulia tangazo mara kumi kwa siku ni kazi ileile unayojaribu kuiacha.

## Hatua ya 6: Ziba njia ya kurudi

Fedha ya mauzo ipewe kazi siku ileile inapoingia. Mlipe mpiga gitaa, mwimbaji wa kuitikia, au fundi wa kukufanyia masta wimbo mmoja. Ikiwa bado hujajua kazi yake, ifungie mahali usipoifikia kwa haraka, kama akaunti ya akiba iliyofungwa ya M-Shwari kwa aliye Kenya. Fedha iliyolala kwenye PayPal itanunua plagini. Nimeona hili likitokea mara nyingi kuliko jambo jingine lolote lililotajwa hapa.

Jiondoe kwenye barua pepe za maduka, na ufute kadi yako iliyohifadhiwa humo.

Kisha jiwekee kanuni inayotegemea nyimbo, si tarehe. Wanaoapa kutonunua kwa miezi sita huhesabu siku, na kiapo kikiisha wananunua vya miezi sita kwa mkupuo. Kanuni inayofanya kazi ni hii: baada ya kukamilisha nyimbo tatu unaruhusiwa kununua kitu kimoja, mradi uweze kuandika ni wimbo upi ulikwama kwa kukikosa, mahali gani, na ni vifaa gani ulivyonavyo ulivyojaribu kwanza. Bei ya utangulizi isikutishe. Punguzo hurudi, na mara nyingi hurudi likiwa kubwa zaidi.

## Hatua ya 7: Kamilisha wimbo mmoja wa zamani

Usianze wimbo mpya. Katika folda za hatua ya 3, chagua ule ulio karibu zaidi na mwisho, hata kama si ule unaoupenda kuliko wote.

Panga muundo kwanza: utangulizi, ubeti, kiitikio, na kumalizia. Usiguse ikwalaiza hadi wimbo uwe na mwanzo na mwisho. Intaneti iwe imezimwa.

Kishawishi cha kununua hurudi wakati wa kumiksi, kwa hiyo jiandae nacho. Kiki haisikiki? Shusha besi kabla ya kupandisha kiki, kisha ujaribu sampuli nyingine. Miksi ina ukungu? Punguza kidogo eneo la hazi 200 hadi 400 katika vyombo visivyohitaji uzito. Sauti ya mwimbaji inazama? Pandisha na kushusha ujazo wake neno kwa neno kwa otomesheni kabla ya kufikiria kompresa ya pili. Ukimaliza, usikilize kwenye spika ya simu na ndani ya gari, andika marekebisho yasiyozidi matano, uyafanye, kisha utoe faili la mwisho.

Utajua umefaulu utakapomtumia mtu mwingine wimbo huo ukiwa na jina, na safu ya sita ya jedwali ikapata maandishi mapya.

## Ukinunua tena

Iandike katika jedwali siku hiyohiyo kwa bei kamili. Itumie katika wimbo uliokwisha kuufungua, usianzishe mradi mpya wa kuijaribu. Usiitangaze kuiuza, hata kama umejuta, mpaka wimbo huo utoke. Hamu ya kuiuza haraka ili kurudisha fedha ndiyo inayofungua mzunguko upya, kwa sababu baada ya mauzo utajikuta tena una fedha mkononi na wimbo ambao bado haujaisha.